Saa ya Cheni Inayocheza Asubuhi na Kubana Jioni: Mwongozo Kamili wa Kuchagua na Kurekebisha Kifungio

Kuna lalamiko moja ambalo wasomaji mmekuwa mkilileta tena na tena. Saa ni ya maana, imenunuliwa kwa pesa nyingi, cheni inang'aa, lakini haikai. Asubuhi inazunguka mkononi mpaka uso wa saa unaangalia pembeni. Ikifika jioni inabana na kuacha alama kwenye ngozi. Mwenyewe anaipeleka kwa fundi, pingili moja inatolewa. Sasa asubuhi iko sawa, jioni haivaliki. Anarudi tena, pingili inarudishwa. Hapo wengi hukata tamaa, saa ikaenda kulala kabatini.

Mara nyingi cheni ni nzima na fundi kafanya alichoombwa. Tatizo lilianza mapema zaidi: kifungio kilichaguliwa kwa macho, au cheni ilipunguzwa kabla mwenye saa hajajua mkono wake unabadilika kiasi gani kwa siku.

Vifungio vyembamba, vile vinavyojificha hadi cheni ikaonekana haina mwanzo wala mwisho, ndivyo vinavyopendeza kuliko vyote. Vyenye reli na vitufe ndivyo vinavyosaidia kuliko vyote. Kuna vichache vinavyojaribu kutoa yote mawili, na hivyo navyo vina mipaka yake. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, na tafadhali usiruke ya kwanza. Ndiyo watu wanayoiruka, na ndiyo inayoamua zote zinazofuata.

## Vitu vya kuandaa

Hatua nne za mwanzo zinahitaji vitu vitatu tu: ukanda wa karatasi wenye upana wa sentimita moja hivi, kalamu yenye ncha nyembamba, na rula inayoonyesha milimita.

Kwa kazi ya kupunguza cheni, andaa hivi:

- Bisibisi ndogo za fundi saa, kati ya milimita 1.2 na 1.6, zenye ncha isiyomeguka. Ncha lazima ijaze ufa wa skrubu kwa upana na kwa kina.
- Kisukumio cha pini na nyundo ndogo ya plastiki au shaba, kama cheni yako inatumia pini badala ya skrubu.
- Kifaa cha kutolea pini za springi (zile ambazo ncha zake hubonyea na kurudi), chenye uma upande mmoja na ncha kama sindano upande wa pili. Bergeon 6767-F ndicho kinachojulikana zaidi kwa mafundi.
- Kishikio cha plastiki cha kusimamishia cheni.
- Gundi ya kukazia skrubu ya aina dhaifu, kama Loctite 222. Usitumie ile kali: skrubu haitatoka tena bila kuharibika.
- Tepu ya karatasi, lenzi ya kukuzia, kitambaa laini, miwani ya kukinga macho, na trei yenye ukingo.
- Mswaki laini na sabuni ya maji.

Kama cheni ni ya dhahabu ya karati 18 au platini, fanya mwenyewe hatua za kupima na kuchagua, kisha kazi ya bisibisi mwachie fundi. Dhahabu ni laini, na bisibisi ikiteleza mara moja tu mkwaruzo utauona kila siku. Hali ni hiyohiyo kama saa iko ndani ya dhamana na masharti yake yanakataza kuifungua mwenyewe.

## Hatua ya 1: Pima mkono mara tatu kwa siku

Zungushia ukanda wa karatasi pale saa inapokaa, yaani juu kidogo ya ule mfupa uliotokeza upande wa kidole kidogo, kuelekea kwenye kiwiko. Usikunje ngumi, usivute karatasi. Weka alama pale ncha inapokutana na karatasi, inyooshe juu ya rula, uandike namba.

Pima ukiamka, pima mchana ukiwa umetoka kutembea au umekaa kwenye joto, kisha pima jioni. Rudia siku nyingine yenye shughuli tofauti. Ukipumzika Jumapili, usichukue Jumapili peke yake.

Sababu ni hii: joto linapopanda, mishipa midogo chini ya ngozi hutanuka na damu nyingi huelekea huko. Mazoezi hufanya vivyo hivyo. Chakula chenye chumvi nyingi hufanya mwili kushika maji. Baridi hufanya kinyume chake, mkono ukasinyaa. Cheni ya chuma haijui lolote kati ya hayo; urefu wake ni uleule saa zote.

Toa kipimo kidogo kabisa kwenye kikubwa kabisa. Namba unayopata tutaiita *tofauti ya mkono*, nayo tutaitumia hadi mwisho. Kuna watu tofauti yao ni milimita mbili, wengine inapita sita.

Utajua umefaulu ukipima mara mbili mfululizo na namba zisipishane zaidi ya milimita moja. Zikipishana zaidi ya hapo, unavuta karatasi au unahama mahali.

## Hatua ya 2: Tambua kifungio ni cha aina gani

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu majina ya kibiashara huficha zaidi ya yanavyoeleza. Geuza saa, fungua kifungio, uangalie chuma chenyewe.

Kifungio cha kipepeo. Kina mabawa mawili yanayofunguka kulia na kushoto kutoka katikati. Kikifungwa, pingili za mwisho zinagusana, na ukiangalia kwa juu huoni kifungio. Cartier Santos ya tangu 2018 ina kifungio cha namna hii, na ni kizuri mno. Udhaifu wake ni kwamba mabawa yamechukua nafasi yote ya chini, hakuna pa kuweka matundu wala reli. Ukitaka kuongeza au kupunguza urefu, njia ni moja: pingili. Cartier wamepunguza adha hiyo kwa mfumo wa SmartLink, ambapo unabonyeza kitufe kidogo nyuma ya pingili na mhimili unatoka bila bisibisi. Lakini hatua yenyewe bado ni pingili nzima, hata kama kuitoa kumekuwa rahisi.

Kifungio kilichofichwa cha mkunjo. Rolex Day-Date ndiyo mfano wa wazi. Kifungio chake, Crownclasp, kimefichwa chini ya pingili, na unachokiona ni taji dogo tu ambalo ndilo mkono wa kufungulia. Ni cha kifahari kweli, na hakina urefu wa akiba.

Mkunjo mmoja wenye matundu pembeni. Huu ndio muundo wa kawaida. Mwisho wa cheni umeshikwa na pini ya springi ndani ya boksi la kifungio, na boksi lina matundu kadhaa. Ukihamisha pini tundu moja, urefu unabadilika milimita mbili au tatu. Mtu hataupongeza kwa sura, lakini unarekebishika kwa kifaa kidogo na unatengenezeka miaka mingi baadaye. Kwa maoni yangu unadharauliwa kuliko unavyostahili.

Chenye pingili ya akiba. Easylink ya Rolex ni pingili iliyokunjwa ndani ya kifungio. Ukiikunjua cheni inaongezeka milimita 5, bila kifaa chochote. Ina hali mbili tu: iko ndani au iko nje. Vacheron Constantin Overseas ina wazo la karibu na hilo: kifungio kinaongeza hadi milimita 4, zikigawanywa pande mbili ili kibaki katikati ya mkono. Patek Philippe nao waliiwekea Nautilus 5811/1G ya 2022 mfumo unaoongeza milimita 2 hadi 4. Hivi ndivyo vifungio vinavyojaribu kushika urembo na urahisi kwa pamoja, na vinafaulu kwa kiasi hicho cha milimita, si zaidi.

Chenye reli. Ndani ya boksi kuna meno, na mwisho wa cheni unateleza juu yake hatua kwa hatua. Glidelock iliyo kwenye Rolex Submariner husogea kwa milimita 2 kila hatua, jumla yake kama milimita 20. T-fit ya Tudor ina nafasi tano ndani ya milimita 8. Omega Seamaster Diver 300M hutumia kitufe kilicho ndani ya kifungio. Vyote hivi unarekebisha bila bisibisi, na baadhi bila hata kuivua saa.

Gharama ya reli ni unene na urefu. Meno lazima yawe na chuma cha kuyabeba, na chini yake bado lazima bamba la mkunjo lipate pa kulala. Boksi linakuwa refu, gumu, tena limenyooka, wakati chini ya mkono wako pamejipinda. Mwenye mkono mwembamba huliona hilo mara moja: kifungio kinakaa kama kipande cha rula na pembeni panabaki uwazi.

Urefu huo wa milimita 20 haukuwekwa kwa ajili ya kustarehe ofisini. Vazi la mzamiaji lenye unene wa milimita 3 huongeza mzunguko wa mkono kwa takribani milimita 19, na ndizo Glidelock inazozifuata. Vazi la milimita 7 huongeza kama 44, ndiyo maana Sea-Dweller na Deepsea zina pia kirefusho cha Fliplock chenye milimita 26 juu ya Glidelock. Kama huzamii, unalipia na kubeba uwezo ambao utautumia robo yake tu. Inaweza kuwa sawa kabisa, ila ujue.

## Hatua ya 3: Amua kwa namba, kisha kwa macho

Pima pingili ya cheni unayoitaka. Weka rula juu ya pingili tano, gawa kwa tano. Uliza pia kama kuna nusu pingili.

Kifungio kisicho na marekebisho kinakupa urefu unaoruka kwa pingili. Pingili ikiwa milimita 7, unaweza kujikuta umepungukiwa au umezidishiwa hadi milimita 3 na nusu, na hapo mkono haujavimba bado. Nusu pingili ikiwepo, kosa hilo linapungua nusu.

Sasa chukua tofauti ya mkono wako:

- Milimita 3 au chini: kipepeo au kilichofichwa kitakufaa, mradi cheni ina nusu pingili. Chagua kwa urembo bila wasiwasi.
- Kati ya 3 na 6: tafuta chenye pingili ya akiba, au mkunjo mmoja wenye matundu. Kipepeo kitakusumbua miezi ya joto.
- Zaidi ya 6: chukua chenye reli. Hakuna fundi atakayekupatia urefu mmoja utakaokaa vizuri asubuhi na jioni, kwa sababu urefu huo haupo.

Mipaka hii nimeiweka kutokana na hesabu ya pingili na ya akiba za vifungio vyenyewe. Mtu anayependa saa ilegee anaweza kusogeza mbele kidogo. Anayependa ikamate, arudi nyuma.

Na ikiwa moyo wako uko kwa kipepeo na tofauti yako ni milimita 7? Basi ivae saa hiyo kwa saa chache, kwenye sherehe, kwenye mkutano, mahali penye kiyoyozi. Kwa matumizi hayo itakaa vizuri na itakupa raha yote uliyoilipia. Kosa ni kuitaka iwe saa ya kutwa nzima.

## Hatua ya 4: Jaribu kifungio kabla ya kulipa

Nenda dukani mchana au jioni, mkono ukiwa umejaa. Ukienda asubuhi yenye baridi utachagua cheni fupi.

Funga na ufungue kwa mkono mmoja, bila kuangalia. Kama unahitaji kucha, kila siku utahitaji kucha.

Sikiliza. Kipepeo kinatakiwa kutoa mlio mara mbili, bawa moja kisha la pili. Kuna hatari ambayo watu wengi hawaijui: bawa moja likishika na la pili likakaribia tu, saa itaonekana imefungwa, itakaa hivyo hata dakika kumi, halafu mkono ukipinda inafunguka. Bonyeza kila upande kivyake.

Weka mkono juu ya meza kama unayeandika. Kifungio kinene kitauinua mkono na kugonga meza. Ukifanya kazi ya kompyuta siku nzima, hii ni hoja nzito kuliko reli. Hapa ndipo vifungio vyembamba hushinda hata kwa upande wa matumizi.

Pitisha mkono wa shati juu ya saa na chini yake. Kikomeo cha usalama chenye kingo kali hukamata uzi.

Geuza kiganja juu uangalie kifungio kwa ubavuni. Ncha zake mbili zikielea huku katikati tu pakigusa ngozi, boksi ni refu kuliko sehemu bapa ya mkono wako. Haliwezi kurekebishwa kwa pingili. Tafuta saa nyingine.

Angalia bamba la ndani. Lisukume kushoto na kulia likiwa wazi. Likicheza kidogo ni kawaida. Likiyumba hadi kugusa ukingo wa boksi, hasa kwenye saa iliyotumika, bawaba imechoka.

## Hatua ya 5: Punguza cheni

Tandika kitambaa ndani ya trei. Funika mgongo wa saa na masikio yake, yaani pale cheni inaposhikana na saa, kwa tepu ya karatasi. Vaa miwani, pini ya springi ikiruka haichagui inapoelekea.

### Idadi ya pingili za kutoa

Vaa saa, kusanya cheni ya ziada kwa vidole chini ya mkono mpaka upate mkao unaoutaka, uhesabu pingili zilizozidi. Saa ya kufanya hivyo inategemea kifungio:

- *Kipepeo au kilichofichwa:* amua jioni, mkono ukiwa mkubwa. Cheni ikilegea asubuhi ni usumbufu mdogo. Ikibana jioni inaumiza, na kitasa cha kutilia saa ufunguo kinachimba mgongo wa mkono.
- *Matundu pembeni:* amua mchana, pini ikiwa tundu la katikati, ili ubaki na nafasi pande zote mbili.
- *Pingili ya akiba:* amua asubuhi, akiba ikiwa imefungwa ndani.
- *Reli:* amua asubuhi, reli ikiwa imebakiza hatua moja kabla ya kufunga kabisa. Hatua hiyo ni ya siku za baridi. Nyingine zote zinabaki kwa ajili ya joto.

### Upande wa kutoa

Kifungio lazima kilale katikati ya sehemu ya chini ya mkono. Kikikaa pembeni, uso wa saa nao unavutwa upande wa pili, na hilo ndilo linalofanya saa nyingi zizunguke hata kama urefu ni sahihi.

Toa moja kila upande kwa zamu. Idadi ikiwa witiri, kwa kawaida ile ya ziada hutoka upande wa namba 6. Kisha geuza kiganja juu uhakikishe kwa macho. Mikono ya watu haifanani, na jicho lina neno la mwisho kuliko kanuni.

Tahadhari kwa cheni zinazopungua upana kuelekea kwenye kifungio, na Audemars Piguet Royal Oak ndiyo mfano mkubwa. Kila pingili ina upana wake na mahali pake. Ukitoa ya katikati, mstari wote unavunjika na kidole kitahisi ngazi hata kabla jicho halijaiona. Zipange pingili kwenye trei kwa mfuatano uleule zilivyotoka.

### Cheni ya skrubu

Skrubu nyingi huwekwa gundi kiwandani. Usianze kwa nguvu. Ikiwa cheni imetolewa kwenye saa, itumbukize kwenye maji ya moto dakika chache, au ipulizie hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele, gundi ilegee. Kama bado imeshikana na saa, usiichemshe. Mpira unaozuia maji na mafuta ya mashine havipendi joto.

Simamisha cheni kwenye kishikio. Ingiza bisibisi mpaka chini ya ufa, kandamiza kwa kidole cha shahada kilicho juu ya mpini, kisha zungusha taratibu kinyume cha mishale ya saa. Nguvu ya kukandamiza iwe kubwa kuliko ya kuzungusha; hapo ndipo bisibisi haitelezi.

Ikigoma, pasha moto tena. Usibadilishe bisibisi kwa nyembamba zaidi. Ndiyo inayotafuna ufa. Cheni za titani zinahitaji subira ya ziada, kwa kuwa nyuzi za skrubu za metali hiyo zina tabia ya kung'ang'aniana na kukatika.

Zipo cheni zenye skrubu pande zote mbili za mhimili mmoja. Hizo zinataka bisibisi mbili kwa wakati mmoja, moja ishikilie na nyingine izungushe. Ukitumia moja, mhimili wote unazunguka bure.

Wakati wa kurudisha, safisha nyuzi za skrubu, weka tone dogo sana la gundi kwenye nyuzi zenyewe. Usipake mwili laini wa skrubu, maana gundi ikiingia humo pingili inaganda na haipindi tena. Kaza mpaka kichwa kilingane na ukingo wa pingili, basi. Iache saa 24 kabla ya kuivaa.

### Cheni ya pini

Angalia upande wa ndani wa pingili. Kuna mishale midogo. Pini husukumwa kutoka kuelekea mshale unakoonyesha. Ikitoka, usiigeuze: ilaze kwenye trei ikiwa vilevile, kisha uirudishe kwa kupitia tundu lilelile ilipotokea.

Kuna cheni ambazo pini hupita ndani ya kijimrija kifupi kilichofichwa katikati ya pingili. Kijimrija hicho ndicho kinachoishika pini. Ni kidogo kama punje ya ulezi, na pini ikitoka nacho hudondoka bila mlio. Mtu anarudisha pini, inaingia kwa ulaini wa kufurahisha, na wiki mbili baadaye saa iko sakafuni. Pini ikiingia bila ukinzani wowote, simama, tafuta kijimrija kwenye kitambaa.

Utajua umefaulu cheni ikiwa inapinda kwa ulaini sawa kila pingili, hakuna kichwa cha skrubu wala ncha ya pini inayokwama ukipitisha kucha, na kifungio kimelala katikati ya mkono.

## Hatua ya 6: Rekebisha kidogo kidogo

Kwa kifungio cha matundu, ingiza ncha ya sindano kutoka nje, bonyeza pini ya springi, vuta upande huo kidogo ukiwa umeufunika kwa kidole gumba. Fanya hivyo upande wa pili. Hamisha tundu moja tu, vaa siku nzima, kisha amua tena. Unapoirudisha, sukuma pini kushoto na kulia kwa uma mpaka usikie ncha zote mbili zimeingia. Ncha moja ikiwa nje ya tundu, inaweza kushika kwa siku kadhaa kabla ya kuachia.

Kwa reli, jizoeze kusogeza hatua moja ukiwa umeishika saa juu ya kitanda au meza yenye kitambaa, mpaka vidole vizoee. Baadhi ya mifumo humwacha mtu akiwa na cheni wazi kabisa kwa sekunde mbili tatu.

Kipimo cha mkao mzuri: kidole kidogo kinapita chini ya kifungio bila kulazimishwa, na ukishusha mkono, saa inateleza kidogo tu bila kuvuka mfupa. Jioni ukiivua, ngozi isiwe na mchoro wa pingili.

## Hatua ya 7: Hakikisha usalama

Usiiamini kazi yako mpaka uijaribu. Fungua na ufunge kifungio mara kumi ukisikiliza. Mlio uwe uleule kila mara, mkavu. Kisha shika cheni pande mbili za kifungio kwa kitambaa, uivute kwa nguvu ya wastani juu ya mto. Kiwango cha ISO 6425 cha saa za kuzamia hutaka viungio vya mkanda na saa vivumilie nguvu ya nyutoni 200, sawa na uzito wa kilo 20 hivi. Nyumbani huna haja ya kufika huko. Unatafuta pini iliyokaa vibaya, nayo hujionyesha kwa mvuto mdogo.

Angalia kila skrubu kwa lenzi. Rudia baada ya wiki moja, kwa sababu skrubu isiyoshika huanza kutoka siku za mwanzo.

Kifungio kikianza kufunguka chenyewe, usikunje bamba kwa koleo. Najua video nyingi zinaonyesha hivyo. Bamba likikunjwa mara moja hupoteza mstari wake na bawaba, na kifungio kizima huenda kikahitaji kubadilishwa. Kwanza kisafishe, uchafu kwenye meno ya kushikia ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Kisiposhika baada ya hapo, mpelekee fundi.

## Hatua ya 8: Usafi wa kifungio

Hakikisha kitasa cha kutilia ufunguo kimebanwa. Kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini, sugua ndani ya boksi, kwenye bawaba na katikati ya meno ya reli. Jasho, mafuta ya ngozi na vumbi huchanganyika kuwa matope meusi yanayosaga chuma polepole. Suuza, kausha kwa kitambaa, acha kifungio wazi usiku kucha.

Kama umekuwa baharini, suuza kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

Vifungio vyenye vitufe na reli vinataka usafi mara nyingi zaidi kuliko kipepeo, kwa kuwa vina kona nyingi. Mikwaruzo ya juu ya boksi itakuja tu, kwa kuwa ndipo saa inapogusa meza. Usikimbilie kuing'arisha, maana kila kung'arishwa huondoa chuma na kulainisha kingo.

Pingili ulizotoa ziweke kwenye mfuko mdogo pamoja na skrubu au pini zake, uandike modeli ya saa na upande kila moja ilikotoka. Utazihitaji mwili ukibadilika, na siku ya kuuza mnunuzi mwenye mkono mkubwa ataziulizia kabla hajataja bei.